Programu ya Tiba Iwe Kazi ya Serikali, Isiwe Mradi

Hakuna mtumishi wa umma asiyejua tofauti iliyopo kati ya waraka uliofungiwa katika jalada na waraka unaotekelezwa. Wa kwanza huandikwa, hupigwa muhuri, husambazwa, kisha husahauliwa. Wa pili huonekana katika matendo ya kila siku. Mwalimu naye anaijua tofauti hiyo, kwani mtaala unaweza kuwa mzuri kabisa kwenye karatasi na bado mtoto akamaliza mwaka hajui kusoma. Katika huduma ya afya tofauti hiyo haipimwi kwa alama za mtihani wala kwa hoja za mkaguzi wa hesabu. Hupimwa kwa maisha ya watu, na hasa maisha ya watoto wadogo.

Ndiyo sababu yafaa tuzungumzie chombo kipya ambacho kimeanza kuingia katika zahanati na vituo vya afya. Nacho ni programu ya kompyuta, iliyowekwa katika kishikwambi, ambayo humwongoza tabibu au muuguzi hatua kwa hatua anapomhudumia mgonjwa: imwulize nini, amtazame wapi, ampime kipimo gani, na mwishowe ampe dawa ipi na kwa kiasi gani. Chombo hiki kimekwisha kupimwa hapa hapa nchini mwetu, na kimeonyesha faida kubwa. Lakini faida hiyo itapotea kama maji yamwagikayo mchangani iwapo kitaendelea kuwa mali ya miradi ya utafiti, na hakitaingizwa katika kazi ya kawaida ya Serikali: katika miongozo yake, vyuo vyake, bajeti zake na ukaguzi wake.

Ili tuelewane, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalitayarisha mwongozo wa kuyatibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, badala ya kila ugonjwa peke yake. Fikra iliyokuwamo ni nyepesi. Mtoto afikaye zahanati hafiki na ugonjwa mmoja ulioandikwa kwenye paji la uso. Ana homa, anakohoa, anaharisha, na huenda pia amedhoofika kwa utapiamlo. Mwongozo ukampa mhudumu utaratibu wa kufuata. Kwanza atafute dalili za hatari: je, mtoto hawezi kunywa wala kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Dalili moja tu kati ya hizo yatosha kumfanya apelekwe hospitali bila kuchelewa. Baada ya hapo ndipo mhudumu aulize juu ya kikohozi, kuhara, homa na masikio, atazame hali ya lishe, na atoe tiba.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuufuata mwongozo huo, na pia miongoni mwa nchi zilizoupima kwa makini. Wilaya mbili zilizoutumia, yaani Morogoro Vijijini na Rufiji, zililinganishwa na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga ambazo wakati huo zilikuwa hazijaanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba, katika muda wa miaka miwili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoufuata. Na haya yalipatikana bila ya mashine yoyote ya ajabu. Yalipatikana kwa karatasi, mafunzo, usimamizi na dawa chache zilizo muhimu.

Basi kama mwongozo wa karatasi unaokoa maisha, kompyuta ya nini?

Jibu linapatikana kwa yeyote aliyewahi kuketi katika foleni ya zahanati asubuhi ya Jumatatu. Mhudumu ni mmoja au wawili, na akina mama wamejaa kwenye mabenchi hadi barazani. Mwongozo unamtaka ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Unamtaka pia akumbuke kwamba kiwango hubadilika kwa umri. Mtoto wa miezi 10 akipumua mara 44 kwa dakika hahesabiwi kuwa anapumua kwa kasi, kwa kuwa kiwango chake ni mara 50. Mtoto wa miezi 14 akipumua mara hizo hizo 44, huyo anapumua kwa kasi, kwani tangu atimize mwaka mmoja hadi afikie mitano kiwango ni mara 40. Mmoja huenda akahitaji dawa za kichomi, na mwingine hazihitaji. Mhudumu aliyesimama tangu alfajiri, ambaye mafunzo yake ya mwisho yalikuwa miaka mingi iliyopita, atawezaje kuyakumbuka yote haya kwa kila mtoto, bila kuruka hatua hata moja? Kwa kawaida huruka. Hatazami kitabu kwa sababu kukifungua mbele ya mgonjwa huchelewesha kazi, na pengine anaona haya. Hivyo hutumia mazoea, na mazoea humwambia jambo moja: toa dawa, usije ukalaumiwa.

Hapo ndipo programu inapoingia. Haina elimu iliyozidi ile iliyomo katika mwongozo. Ubora wake ni kwamba haichoki, wala hairuki hatua. Mhudumu akiandika umri na uzito wa mtoto, programu yenyewe huchagua kiwango cha pumzi kinachohusika. Asipojibu swali la dalili za hatari, haimruhusu kuendelea. Akifika mwisho, humkokotolea kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto huyo. Kwa maneno mengine, hufanya waraka uliomo jaladani ugeuke kuwa waraka unaotekelezwa.

Majaribio ya namna hii hayakuanza jana. Kufikia mwaka 2008 mwongozo huo wa watoto ulikuwa umekwisha kujaribiwa katika kompyuta ndogo za mkononi huko Mtwara. Mwaka huo huo wa 2008, watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara ili kujua hasa homa zao zilitokana na nini. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2014, yangepaswa kubandikwa katika kila chumba cha tabibu. Watoto 7 katika kila 10 walikuwa na maradhi yaletwayo na virusi, ambayo dawa za antibayotiki haziyatibu. Waliokuwa na maradhi ya bakteria walikuwa kiasi cha asilimia 22, na wenye maradhi ya vimelea, malaria ikiwamo, walikuwa kiasi cha asilimia 11 tu. Wako waliokuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Wakati huo desturi yetu ilikuwa kuihesabu karibu kila homa kuwa ni malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea na kuonyesha kwamba wengi hawana malaria, mkono wa mhudumu ulihama tu kutoka dawa ya malaria ukaenda kwenye antibayotiki.

Kati ya mwaka 2014 na 2016, programu iitwayo ePOCT ilijaribiwa katika vituo tisa vya Dar es Salaam. Iliunganishwa na vipimo vichache vifanyikavyo papo hapo, kama kile kinachobanwa kidoleni kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, na kile cha tone la damu kinachosaidia kukisia kama maradhi ni makali ya bakteria. Watoto waliotibiwa kwa programu hiyo na kupewa antibiyotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5. Waliotibiwa kwa programu ya awali iliyofuata mwongozo wa kawaida walikuwa asilimia 29.7. Katika tiba ya mazoea, isiyo na programu yoyote, walikuwa karibu asilimia 95. Je, waliopunguziwa dawa waliumia? La. Watoto ambao ugonjwa wao ulizidi au haukuisha kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 2.3 kwa programu mpya, na asilimia 4.1 kwa ile ya awali.

Kisha, kati ya mwisho wa mwaka 2021 na mwaka 2022, toleo lililopanuliwa la programu hiyo lilipimwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, nusu vikiitumia na nusu vikiendelea kama kawaida. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mbeya, zikishirikiana na wenzao wa Uswisi. Zaidi ya mahudhurio 44,000 ya watoto yalihesabiwa. Penye programu, antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 23.2. Pasipo programu, zilitolewa kwa asilimia 70.1. Na idadi ya watoto ambao hawakupata nafuu kufikia siku ya saba ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, chini kidogo ya 4 katika kila 100.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Antibayotiki inayotolewa pasipo haja ni fedha za umma zinazotupwa. Zaidi ya hayo, huwazoesha bakteria kuishinda dawa, hata siku mtoto anapoihitaji kweli kweli, inakuwa haina nguvu. Makadirio ya kimataifa yanasema kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu kiasi cha milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya maambukizo ya bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Nchi isiyo na uwezo wa kununua dawa mpya za gharama kubwa inapaswa kuzilinda dawa zake za zamani kama mkulima alindavyo mbegu.

Hata hivyo, tusijidanganye. Katika vituo vile vya Mbeya na Morogoro hakikupelekwa kishikwambi kitupu. Vilipelekwa pia vipimo, wahudumu walipewa mafunzo, wakafuatiliwa, wakaonyeshwa mwenendo wa kazi yao na wakashauriwa. Atakayeununua mtambo akayaacha hayo mengine, kisha akangojea matokeo yale yale, atakuwa amenunua jembe lisilo na mpini. Programu inaweza kumwambia muuguzi kwamba mtoto huyu ana upungufu wa oksijeni na apelekwe hospitali ya wilaya mara moja. Lakini programu haina gari la wagonjwa, haina mtungi wa oksijeni, wala haitengenezi daraja lililochukuliwa na mvua. Ushauri mzuri usio na njia ya kutekelezwa huongeza uchungu tu.

Wako watu wasemao kwamba chombo hiki kitawafanya waganga wetu wavivu wa kufikiri. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini walimu waliosoma zamani wanakumbuka kitabu cha majedwali ya logi. Mwanafunzi aliyejua maana ya hesabu alikitumia akaokoa muda. Asiyejua alinakili tarakimu, na alipokosea mstari hakuwa na namna ya kutambua kosa lake. Kosa halikuwa la kitabu. Vivyo hivyo, tabibu aliyefundishwa vizuri ataitumia programu kama mshauri, na itakapompa jibu lisilolingana na hali ya mtoto aliye mbele yake, atasimama na kulikataa, akaandika sababu zake. Kwa hiyo hapana budi chuo kitangulie kishikwambi. Mwanafunzi wa utabibu afundishwe kwa nini mtoto wa mwaka mmoja ana kiwango tofauti cha pumzi, ndipo afundishwe kubonyeza.

Wengine wanasema mgonjwa hupoteza imani akimwona mganga anatazama kioo badala ya kumtazama yeye. Hili nalo lina ukweli, lakini dawa yake ni adabu ya kazi. Mganga amweleze mama anachokifanya, amwonyeshe pumzi alizozihesabu, amwambie kwa nini safari hii mtoto hapewi dawa ya bakteria na arudi lini iwapo hali itabadilika. Mama aliyeelezwa hivyo hatakwenda dukani kununua vidonge kwa kubahatisha.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni nyingine, na ajabu ni kwamba husikika kwa nadra. Mganga mmoja akikosea, humdhuru mgonjwa mmoja kwa wakati. Kanuni iliyokosewa ndani ya programu huwadhuru wagonjwa wa zahanati zote asubuhi moja. Uingereza ilipata funzo hilo mwaka 2016, ilipogundulika kwamba programu ya kukadiria hatari ya maradhi ya moyo, iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wengi wa huko, ilikuwa ikikosea hesabu za baadhi ya wagonjwa tangu mwaka 2009. Kwa miaka ipatayo saba watu walishauriwa kwa tarakimu zisizo sahihi, na kioo kilionekana kizuri kila siku. Ikiwa jambo hilo limetokea katika nchi yenye wataalamu wengi namna ile, sisi tutajilindaje?

Tutajilinda kwa kuhakikisha kwamba kanuni zilizomo ndani ya programu ni mali ya umma, zimeandikwa kwa lugha inayosomeka, na zinaweza kukaguliwa na madaktari wetu wenyewe. Isiwe kisanduku kilichofungwa ambacho ufunguo wake uko ng'ambo. Nchi hii inayo kumbukumbu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Serikali kuleta mvurugo na hasara. Wako wanaolicheka tendo lile leo. Lakini funzo lililokuwamo halijazeeka: mashine isiyo na watu wa kwetu wanaoielewa, wanaoweza kuisahihisha na kuijibia, haimtumikii aliyeinunua. Siku hizi hatuna sababu ya kupiga marufuku. Vijana wetu waliosomea kompyuta wapo, na tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limejitolea kuitoa miongozo yake katika sura ambayo mataifa yanaweza kuiingiza katika programu na kuirekebisha kwa mahitaji yao. Linalotakiwa ni nia na utaratibu.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila programu ya kuongoza tiba itakayotumika katika kituo cha umma iwe chini ya Wizara ya Afya, iwe na kamati ya wataalamu inayoidhinisha kila badiliko, na kila toleo liwe na tarehe na namba yake kama ilivyo kwa waraka wowote wa Serikali. Mwongozo wa Taifa wa tiba ukibadilika, programu ibadilike pamoja nao, wala isipishane nao hata kwa mwezi mmoja.

Pili, gharama zake ziingizwe katika bajeti za halmashauri. Hapa simaanishi vishikwambi peke yake. Namaanisha vipimo, betri, umeme wa jua pale gridi isipofika, na matengenezo. Programu yenyewe sharti iweze kufanya kazi bila mtandao, kwani ugonjwa hausubiri mnara wa simu urudi hewani. Walimu wanavifahamu vishikwambi. Vilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na baadaye vikagawiwa kwao. Wanajua pia kwamba chombo kisicho na fungu la matengenezo huishia kabatini.

Tatu, mganga abaki na mamlaka na dhamana ya uamuzi. Programu ishauri, yeye aamue na atie sahihi. Asiadhibiwe kwa kuwa amekataa ushauri wa mashine kwa sababu zinazoeleweka, wala asisamehewe kosa kwa kisingizio kwamba mashine ndiyo iliyosema. Mashine haijala kiapo.

Nne, taarifa za wagonjwa zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na hapana sababu ya zahanati kuwa nje yake. Mganga Mkuu wa Wilaya apate hesabu zitakazomsaidia kujua wapi dawa zinatumika ovyo na wapi watoto wanacheleweshwa kupelekwa hospitali. Lakini jina la mtoto na ugonjwa wake si bidhaa ya kusafirishwa.

Walimu nao wana kazi yao katika jambo hili. Shinikizo la kutoa dawa zisizohitajika halitoki kwa waganga peke yao. Linatoka pia kwa mzazi anayeamini kwamba zahanati iliyomrudisha bila vidonge haikumtibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilionyesha kwamba redio, kijitabu na kikundi cha watu walioketi pamoja vinaweza kulifikisha somo la afya hadi kijiji cha mwisho. Somo la leo ni fupi: mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, antibayotiki haviviui virusi, na mtoto asiyeweza kunywa au aliyelegea apelekwe kituoni hima. Mwalimu akilifundisha darasani na kulirudia katika mkutano wa wazazi, atakuwa amemsaidia muuguzi wa zahanati ya jirani kuliko anavyodhani.

Utafiti umekwisha kusema neno lake. Watafiti hufunga mahesabu yao, hukusanya vifaa vyao na kwenda kwingine, na ndivyo kazi yao ilivyo. Wanaobaki ni muuguzi, foleni yake na watoto wetu. Iwapo mwaka kesho tutaingia katika zahanati zile na kukuta asilimia 70 imerudi, hatutakuwa na haki ya kumlaumu muuguzi. Itatubidi tuwaulize waliokuwa na kalamu ya kuandika bajeti walikuwa wakifanya nini.